Chifu Rudi Hapa

Hapo zamani, enzi za ubao na chaki, palikuwa na shule mlimani ambako matokeo yalisomwa mstarini, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho aliachwa mbele, akatazamwa na shule nzima mpaka kengele ilie.

Nakundwa alikuwa ameachwa mbele mara mbili. Muhula ule alikosa wiki tano akimuuguza mama yake, na sasa ulikuja mtihani wa kuvuka kidato cha pili. Baba yake alikwisha kusema: ukifeli, shule basi.

Asubuhi ile akamwambia Natujwa, jirani yake wa dawati, "Shoga, tumbo linaniuma."

"Tumbo au Historia?"

"Vyote."

"Nitaegemea kushoto. Usinihemee shingoni tu."

Natujwa akaegemea. Nakundwa akanakili. Mwalimu Mfinanga, aliyewafundisha Historia na siku hiyo akiwasimamia, akaona. Akageukia dirishani, akahesabu mbuzi wa watu.

Swali la saba Natujwa aliliruka. Akajiandikia kwa penseli "rudi hapa", kisha akasahau kurudi. Nakundwa akayaandika maneno hayo kwa wino, penye jibu.

Wakati wa kusahihisha, "rudi hapa" ikaonekana kwenye karatasi zote mbili. Mkuu wa shule, Mama Mshana, akawaita wanafunzi hao na mwalimu wao, wote watatu.

"Swali linauliza ni chifu gani alitia saini mkataba. Nakundwa, huyu Rudi Hapa alitawala wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Nilinakili, Mama," alisema Nakundwa. "Lakini wiki tano hakuna aliyeniletea hata daftari. Niliporudi, nilichofundishwa ni kusimama mbele."

"Niliegemea, Mama," alisema Natujwa. "Lakini sikuiba jibu la mtu. Ningemfunikia, ningekaa tena namtazama akichekwa."

"Niligeuka, Mkuu," alisema Mwalimu Mfinanga. "Lakini ni wewe uliyeniambia darasa langu likishuka tena, nifungashe."

Mama Mshana akavuta fomu ya makosa ya mtihani. Nafasi ya jina la mkosaji ilikuwa moja tu, na atakayeandikwa pale anaondoka shuleni siku hiyo hiyo. Akafungua kalamu. Akaifunga. Akaifungua tena.

Haya, nyie mnaonisikiliza, ishikeni hiyo kalamu. Nakundwa aliyenakili, Natujwa aliyeegemea, Mwalimu aliyegeuka, au Mama Mshana mwenyewe: je, mngeandika jina la nani?