Makande ya Kindi na Ubao wa Mwalimu Kifaru

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie wa nyuma, mbona sauti zimekwama, mmeshiba nini? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Palikuwa na shule. Nani amecheka? Wanyama nao wana shule, tena ya msingi, na mwalimu wao alikuwa Kifaru.

Kifaru alifundisha kusoma bila fimbo. Fimbo ya nini, na pembe anayo? Aligonga ubao kwa pembe, ko! ko! ko!, akatamka, na darasa likaitikia.

"Huyu ni kuku!"

"Huyu ni kukuuu!"

Kuandika, hapana. "Mkono wangu mzito, utavunja chaki," alisema. "Kindi, andika wewe." Na Kindi, mtoto mdogo mwenye mkia mkubwa kuliko begi lake, akaandika kila asubuhi.

Kisha ikaja saa ya chakula. Sheria ya Kifaru ilikuwa hii: aliyesoma vibaya, makande yake ni ya mwalimu. Na makosa aliyajuaje? Kwa pua! Alipita kwenye makopo, fu! fu! fu!, na kopo lililonukia zaidi ndilo la mjinga. Sasa mama yake Kindi aliunga makande kwa vitunguu na tui zito la nazi. Basi Kindi, aliyeandika ubao mzima, ndiye aliyekuwa hajui kusoma kabisa.

"Umekosea, Kindi! Lete!"

Mcha-mcha-mcha! Kopo jeupe.

Kindi alirudi nyumbani anatetemeka kwa njaa. Mama yake akashangaa: mtoto anamaliza kopo zima, mbona anakonda? Akamnywesha dawa ya minyoo. Chungu! Kindi alilia, si kwa uchungu wa dawa, kwa hasira.

Siku moja Kifaru alikuwa akisomesha kitabuni, upepo ukapita, fuu! Ukurasa ukafunuka. Picha ya kuku ikaenda zake, ikaja ya mbuzi. Kifaru akagonga ko! ko! ko! juu ya ndevu za mbuzi.

"Huyu ni kuku!"

"Huyu ni kukuuu!" darasa likaitikia.

Kindi peke yake hakuitikia. Alimtazama mbuzi, akamtazama mwalimu. *Kumbe na wewe!* akasema moyoni.

Ikaja habari kwamba Mkaguzi Korongo anakuja. Kifaru akaoga tope jipya, akamwita Kindi. "Andika hivi: Mwalimu wetu ni mwema. Anatupenda sote."

"Sawa, mwalimu," akasema Kindi kwa adabu zote. Akaandika, tena kwa mwandiko mzuri: *Mwalimu anakula makande yetu. Hajui kusoma.*

Korongo akaingia, shingo mbele, miguu baadaye. Ko! ko! ko!

"Mwalimu wetu ni mwema!"

"Mwalimu wetu ni mwemaaa!"

Korongo akatazama ubao. Akainamisha shingo kulia. Akainamisha kushoto.

"Mwalimu, haya yaliyoandikwa hapa ni kweli?"

"Kweli tupu, mheshimiwa!"

"Unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku! Hata nikiwa mgonjwa najikaza."

"Na wazazi wanajua?"

"Wakijua watafurahi sana! Mimi napenda kujificha, sipendi sifa."

"Hebu nisomee mstari wa pili."

Ko! ko! ko! "Anatupenda sote!"

Panya akaangua kicheko. Kanga akaangusha yai. Korongo akampokonya Kifaru kitabu, akamkalisha darasa la kwanza, dawati la mbele. Dawati likasema kwachu! Chaki akapewa Kindi, ashike darasa mpaka mwalimu mwingine apatikane.

Kesho yake Kifaru alikuja na ndoo ya makande, yenye vitunguu, yenye tui. Maskini, usiku kucha alikuwa amefundishwa na mkewe. Kindi akafungua kitabu.

"Kifaru, soma."

Jasho likamtiririka. "Hu... yu... ni... m... mbu... zi. Huyu ni mbuzi!"

Na kweli, alikuwa mbuzi, na ndevu zake.

Kindi akaitazama picha. Akaitazama ndoo. Fu! fu! fu!

"Umekosea."

"Lakini huyu ni mbuzi!" Kifaru akataka kulia. "Wenzangu, semeni ukweli! Huyu si mbuzi?"

Kindi akagonga ubao kwa chaki, ko! ko! ko!

"Amekosea!"

Na darasa zima, vijiko mkononi, likaitikia kama lilivyofundishwa:

"Amekoseaaa!"

Mcha-mcha-mcha! Ndoo nyeupe.

Nami niliomba ukoko, wakaniambia nimekosea, ndiyo maana nimekuja kwenu na njaa na hadithi imekwisha. Mafunzo yake, wanangu: someni kwa bidii, maana anayejua kusoma hadhulumiwi kamwe. Ila siku mkiungiwa makande kwa nazi, kaeni dawati la nyuma.