Shamba la Simba, Maji ya Mama Buku

Hapo zamani za kale, wanangu, Simba alipokuwa bado hajui mpunga ni nini na wali ni nini, Mama Buku, yule panya mkubwa wa mashavu, alikuwa na shamba bondeni. Alichimba mfereji kwa makucha yake mwenyewe, kutoka kijitoni hadi kwenye majaruba, akainua kingo za udongo ili maji yatuame. Mpunga ukastawi, na watoto wake tisa wakawa wanashiba.

Siku moja, nguruuu! Simba huyo.

"Wee Buku! Kuanzia leo hili shamba la wali ni langu."

Mama Buku akawatazama watoto wake tisa. Wanawe wangekula nini? Lakini akajibu bila kusita.

"Bwana mkubwa, wali haulimwi. Hulimwa mpunga, ukikobolewa ndio mchele, ukipikwa ndipo..."

"Usinifundishe! Ondoka na vitoto vyako!"

Simba akatia mguu jarubani. Chubwi! Akauchomoa upesi, akaukung'uta. Si mnajua, jamii ya paka na kulowa haviivi chungu kimoja.

Mama Buku akaliona hilo. Ahaa!

"Haya, shamba chukua. Ila maji nimeyaleta mimi kwa mfereji wangu. Niruhusu niondoke nayo."

Simba akacheka mpaka mbavu zikamuuma. "Haya maji ya matope? Beba yote! Nikikuta hata tone, nakutafuna!"

"Jirani Korongo, umesikia?"

Korongo, aliyekuwa akiokota vyura kando, akainua shingo. "Nimesikia kwa masikio yote mawili."

Basi Mama Buku na wanawe wakafukua, kwaru kwaru kwaru! Wakaziba mfereji wa zamani, wakachimba mwingine kuelekea ng'ambo ya kijito, kwenye kibonde kilichokuwa kikavu tangu enzi. Maji yakaingia, kingo zikainuka, mbegu zikapandwa.

Kwa Simba, udongo ulipasuka. Mpunga ukawa wa njano, na alichovuna ni mapepe matupu, maganda yasiyo na punje. Ng'ambo kwa Mama Buku masuke yalikuwa yameinama kwa uzito. Simba akaja mbio.

"Mwizi! Umelihamisha shamba langu!"

"Shamba lako liko palepale, Bwana mkubwa. Nimechukua maji tu, kama ulivyoamuru. Hata tone sikubakiza."

"Basi na hili nalichukua!"

"Chukua!" Mama Buku alijibu, mikono kiunoni. "Korongo, njoo ushuhudie tena! Wanangu, noeni makucha, maji yanahama!"

Simba akautazama mfereji. Akayatazama matope. Akajaribu kutia kidole kimoja. Chubwi! Akakitoa.

Akageuka kwenda zake, mkia kaufyata. Ndiyo maana hata leo Simba hula nyama yake kavukavu, bila wali.

Aporaye shamba la mpunga akayadharau maji, kapora vumbi.