Kwa Nini Watu wa Ngarito Hawakati Fundo

Kaeni vizuri wanangu, habari hii haisimuliwi kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Kale, Ngarito ilipokuwa na nyumba chache tu juu ya mlima, watu wetu walijua kusokota kamba lakini hawakufunga fundo. Si kwamba vidole vyao vilikuwa vizito. Waliliogopa. Waliamini fundo hufunga mawingu yasitoe mvua, hufunga tumbo la mama asijifungue, hufunga koo la mgonjwa asimeze. Kamba ikijikunja yenyewe ikafanya fundo, ilikatwa hapo hapo na kipande kikachomwa moto.

Maisha yalikuwa magumu kwa sababu hiyo. Mzigo wa kuni ulizungushiwa kamba na ncha ikachomekwa ndani, basi njiani kuni zikamwagika. Mama aliyebeba mtoto mgongoni alishika ncha za mbeleko kwa mkono mmoja akalima kwa mkono mwingine. Na mtu aliyetaka kamba ndefu alifumua ncha za kamba mbili akazisokota upya ziwe moja, kazi ya kutwa nzima kwa kiungo kimoja. Kwa hiyo karibu kamba zote za Ngarito zilikuwa fupi.

Kamba ndefu ilikuwa moja tu, ya mzee Mrindoko. Yeye ndiye aliyetazamwa kwa mambo ya mvua, na ndiye aliyelinda miiko. Kamba ile aliirithi kwa baba yake pamoja na mwamba wa Kirore, ule mnaouona ng'ambo ya bonde, wenye nyuki wengi katika nyufa zake. Hakuna aliyevuna asali pale bila ruhusa ya Mrindoko, na Mrindoko hakuwa mwepesi wa kutoa ruhusa.

Karibu naye aliishi kijana mmoja, Kajiru, na mkewe Nakijwa. Nyumba hizi mbili zilikuwa hazisalimiani. Wakikutana kisimani, mmoja alitazama mtungi wake na mwingine akatazama mlima.

Mwaka mmoja mvua za vuli zilichelewa. Mashamba yakawa meupe kwa vumbi. Mama yake Kajiru akashikwa na kikohozi kisichomwachia nafasi ya kulala, naye hakutaka kitu kingine ila asali. Asubuhi moja Kajiru alichukua kamba yake fupi, akaenda Kirore bila kumwambia mtu.

Aliizungusha kwenye jiwe la juu, akashika ncha zote mbili, akashuka vizuri mpaka kamba ilipoanza kusagwa na ukingo wa jiwe. Ilikatika. Kajiru akaanguka juu ya kibao chembamba cha mwamba katikati ya genge, mguu mmoja ukateguka. Chini yake palikuwa na bonde, juu yake jiwe tupu, na nyuki wamemjaa usoni. Wachungaji waliosikia kelele zake ndio walioleta habari kijijini.

Nakijwa alifika ukingoni akachungulia. Alimwona mumewe, na aliona kile kibao kinavyomeguka vipande vidogo vidogo kila anapojisogeza. Watu wakaanza kuzungumza juu ya kufumua kamba na kuzisokota upya.

"Mpaka mmalize atakuwa ameanguka," Nakijwa alisema. "Leteni kamba zenu zote hapa. Nitazifunga."

Watu walirudi nyuma. Lakini Nakijwa alijua anachosema. Tangu alipokuwa msichana, akienda msituni peke yake kuokota kuni, alikuwa akifunga mzigo wake kwa fundo na kulifungua kabla ya kufika kijijini. Kuni zake hazikuwahi kumwagika, wala hakuona mawingu yakikimbia.

Akarudi kijijini mbio, akaenda nyumba kwa nyumba. Huyu alimpa kamba ya kuni, huyu ya kutekea maji, mama mmoja akavua mbeleko yake. Walitoa huku wametazama pembeni, lakini walitoa. Alipopima kwa macho, aliona haitoshi. Ndipo akaenda kupiga hodi kwa Mrindoko.

"Mumeo yuko kwenye mwamba wa baba yangu," mzee alisema kabla hajaambiwa neno. "Nani alimruhusu?"

"Hakuruhusiwa na mtu, baba. Na nyuki wameshamwadhibu kwa niaba yako. Kwa hiyo nimekuja kuomba kamba."

Mrindoko akaingia ndani akatoka na kamba imeviringwa begani.

"Kamba nakupa, nisije nikaambiwa nimeua mtu. Lakini najua unachotaka kukifanya nayo. Mvua ikikataa kunyesha, utajibu wewe."

"Nitajibu," Nakijwa alisema, akaipokea kwa mikono miwili.

Huko ukingoni alifunga kamba ya nyumba hii kwa kamba ya nyumba ile mbele ya macho ya wote, akakaza kila fundo kwa goti. Ncha ya mwisho akaifanya kitanzi. Kamba ikashushwa. Kajiru akapitisha kitanzi chini ya makwapa, akashika fundo lililokuwa juu ya kichwa chake, na watu wakavuta. Kile kibao kiliporomoka bondeni alipokiacha. Mafundo yaligonga jiwe, yakakwaruzwa, yakabeba uzito wote wa mtu mzima, na hakuna lililofunguka. Kajiru alipolazwa juu ya nyasi, uso umevimba hata macho hayaonekani, waliomvuta waliangua kilio cha furaha na kusahau kuogopa.

Woga ulirudi baadaye. Siku zilipita, na mbingu ikabaki tupu. Watu wakaanza kunong'ona, na Mrindoko akaja uani kwa Nakijwa na kisu mkononi, kijiji kizima nyuma yake. Kamba ilikuwa bado iko pale, haijaguswa.

"Tukate mafundo yote tuyachome," mzee alisema.

"Ukikata, baba, kamba yako ndefu itarudi fupi. Na huyu wa kuni, na huyu mwenye mbeleko, watabaki na vipande visivyofaa kitu. Hizi kamba walinipa nzima. Nataka kuwarudishia nzima. Kila mtu akae afungue fundo lake."

"Fundo langu ni lipi?"

Hapo ndipo wote walipoona jambo ambalo hawakuwa wameliwaza. Kila fundo lilikuwa na wenyewe wawili. Mwenye kamba ya kuni hakuweza kufungua bila mwenye kamba ya maji kulegeza upande wake. Wakakaa wawili wawili, magoti yakigusana. Mafundo yalikuwa yamekazwa na uzito wa Kajiru, yakawa kama mawe. Walitumia meno, walitumia miiba, na kutwa ikaanza kupita.

Kamba ya Mrindoko ilikuwa imefungwa kwa kamba ya Nakijwa mwenyewe. Lakini Kajiru alijikokota kutoka ndani, akamwambia mkewe, "Niachie hili," akakaa mbele ya mzee. Walifanya kazi kwa muda mrefu.

"Vuta kwako," Mrindoko alisema hatimaye.

"Navuta. Legeza wewe." Kajiru akaongeza bila kuinua uso, "Msimu uliopita nilikuja kukuomba asali. Ulinifukuza kabla sijafungua mdomo."

"Ulikuja na mbwa. Nilidhani umekuja kwa shari."

"Mbwa alinifuata tu, mzee. Sikumwita."

Mrindoko aliacha kuvuta. Aliutazama ule uso uliovimba. Kisha akauliza, "Mama yako anaendeleaje?"

"Bado anakohoa."

"Kesho nitakuja na asali. Nipe huo mwiba."

Jua lilikuwa limeinama fundo lao lilipolegea, na ndilo lililokuwa la mwisho. Kila mtu alikwenda kwake na kamba yake nzima. Mara nyingi huulizwa kama mvua ilinyesha. Ilinyesha, wakati wake ulipofika. Wengine walisema ni kwa sababu mafundo yamefunguliwa, wengine walisema mvua haikuwa na habari nayo. Lakini msimu huo akina mama wote walilima kwa mikono miwili, mbeleko zimefungwa vifuani, na Mrindoko aliwaona akapita njia yake.

Nimesikia kwamba nchi za mbali watu huhesabu mifugo kwa mafundo, wengine husali wakiyapitisha vidoleni, na mabaharia walipima kwayo mwendo wa vyombo vyao. Bila shaka nao wana habari zao za jinsi walivyoanza. Hii ndiyo yetu.

Na tangu siku hiyo, hapa Ngarito kijana akioa, kamba ya kwao hufungwa kwa kamba ya kwa mke. Na watu wawili wakigombana, hatuwaulizi nani alianza. Tunawapa kamba yenye fundo lililokazwa sana, tunawakalisha ndani ya nyumba wakitazamana, na kisu tunakiweka mbali. Wengine hutoka mapema. Wengine chakula huwapoa. Wakitoka hatuwaulizi walisema nini humo ndani. Tunapokea kamba, tunaitazama, tunaitundika ukutani.