Nyundo ya Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kwa unyonge hivyo? Kuna mtu ana kitu mdomoni. Nilifukia viazi vyangu kwenye majivu haya, na kimoja hakipo. Haya, nitamjua tu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale aliishi Bi Mashavu, akimlea mjukuu wake mchanga, Sikudhani. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, na mtoto hakuwa na maziwa mengine ila ya mbuzi wao, Kipaku. Siku moja mbuzi akatoweka. Mtoto akalia, akalia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Bi Mashavu akamtafuta Kipaku kila kichaka. Alipofika kwenye kichuguu kikubwa, akasikia kwa ndani, "Mee!" Lahaula! Mlango wa kichuguu ulikuwa umezibwa kwa udongo, na udongo umekuwa mgumu kama jiwe. Akapiga jembe, jembe likapinda.

Jirani na kichuguu waliishi watatu: Ngiri, Nguchiro na Fisi. "Ni mmoja wao," akasema moyoni. "Lakini yupi?"

Akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Akaokota jiwe la mtoni, zito la kubebwa kwa mikono miwili. Akakata mpini wa mkwaju, akaupasua kichwani, akalibana jiwe katikati. Kisha akachukua kanda za ngozi mbichi zilizolowekwa, akazungusha, akakaza, akazungusha tena. Ngozi ikifungwa mbichi, jua likiipiga hujikaza yenyewe, huwezi kuifungua kwa mkono.

Ngiri akapita. "Shikamoo bibi. Unatengeneza nini?"

"Marahaba. Nyundo."

"Ya kuvunja nini?"

"Ikikauka utajua."

Ngiri akaguna, akaenda zake. Mbona ameguna?

Nguchiro akapita. "Shikamoo bibi. Nyundo hiyo ya kuvunja nini?"

"Ikikauka utajua."

Nguchiro akatimua mbio. Mbona amekimbia?

Fisi akaja anachekacheka. "Shikamoo bibi yangu! Nyundo hiyo ya kuvunja nini?"

"Ikikauka utajua."

"Na itakauka lini?"

Msikieni! Wenzake hawakuuliza hilo. Bi Mashavu akapaza sauti majirani wote wasikie: "Mimi nakwenda mtoni! Nyundo naiacha juani!" Akamfunga mjukuu mgongoni, akabeba mtungi, akaondoka.

Fisi huyoo, akarudi ananyata. Alitaka kuzitafuna zile kanda, jiwe lianguke, akiba yake ya kichuguuni isiguswe. Akapenyeza pua chini ya ngozi. Mmh! Tamu! Mwizi mwingine angekata upesi akakimbia. Fisi akalamba, akanyonya, akafumba macho kabisa. Jua likapiga, ngozi ikajikaza. Kuja kutoa pua, haitoki. Avute, wapi! Asukume, wapi! Akimbie, jiwe linamrudisha chini.

Bi Mashavu aliporudi akamkuta katikati ya ua, mdomo umefungwa, macho yamemtoka.

"Mmm! Mmm!"

"Naona imekauka, Bwana Fisi," akasema. "Twende basi ukajue ya kuvunja nini."

Akamshika sikio mpaka kwenye kichuguu. Ngiri na Nguchiro wakatoka kutazama.

"Bibi, kumbe hata sisi ulitushuku?" akauliza Ngiri.

"Niliwashuku, ndiyo! Mtoto wangu ana njaa, nimwamini nani?" Akamgeukia Fisi. "Piga!"

Fisi akainua kichwa na jiwe lake, akapiga. Udongo ukatoa vumbi.

"Piga!"

Akapiga. Udongo ukapasuka.

"Piga!"

Mlango ukamomonyoka, na Kipaku akatoka, amekonda, hoi. Bi Mashavu akaketi palepale kwenye vumbi, akamkamulia maziwa kiganjani, akamnywesha mtoto taratibu. Sikudhani akanyamaza. Hapo ndipo bibi alipolia yeye.

Baadaye akaimwagia ile ngozi maji ya mtungi mpaka ikalegea, akamwachia Fisi aende. Lakini shingo ilikuwa imekwisha kuchoka, na hadi leo Fisi hutembea kichwa chini.

Hadithi yangu inakomea hapo. Sasa kila mtu apanue mdomo, niuone. Na mnaocheka, nianze na nyinyi.