Figo la Mwenyekiti

Hapo zamani za kale, zamani kweli kweli, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakioana na kusutana kisimani, palikuwa na kijiji kimoja kilichojaliwa wakubwa. Ah, wakubwa walikuwepo! Mwenyekiti alikuwa Simba, mwenye manyoya mengi shingoni na maneno mengi mdomoni. Msaidizi wake alikuwa Chui, ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa vizuri. Na tajiri wa kijiji alikuwa Bwana Fisi, mwenye ng'ombe wengi kuliko aibu.

Msiniulize kwa nini ng'ombe wenyewe hawakupewa nafasi ya kusema. Hata leo hawapewi. Mwanjaa, acha kumfinya mwenzio, sogeeni tuendelee.

Wadogo nao walikuwepo, maana bila wadogo wakubwa wangekula nini? Mmoja wao alikuwa Bi Nguchiro, au Mama Chiku kama majirani walivyomwita, mjane mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Kazi ya nyumba yao ilikuwa kuchuna. Ng'ombe akichinjwa popote, Nguchiro anaitwa na kisu chake. Anachuna, anapasua, anagawa. Wakubwa wanakula nyama, yeye anapewa utumbo na kuambiwa ashukuru. Mgawanyo mzuri sana wa kazi.

Kabla yake, mchunaji alikuwa mumewe, Baba Chiku. Masika yaliyopita aliitwa kwa Bwana Fisi kumchuna ng'ombe aliyejifia zizini, yaani kibudu. Baba Chiku alikuwa na mkwaruzo kidoleni. Haukupita muda, pale penye mkwaruzo pakatoka upele, upele ukawa kidonda, na katikati ya kidonda pakawa peusi kama mkaa. Mkono ukavimba, homa ikapanda, akafa.

Wakubwa walikuja msibani. Wakala wali, wakafuta midomo, kisha wakatoa taarifa: marehemu amerogwa na shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa amekufa kabla Baba Chiku hajazaliwa, lakini wakubwa wakishasema, wamesema.

Basi, mwaka uliofuata Simba akachaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Hakuwa na mpinzani. Aliyekuwepo aliliwa. Ikaamuliwa ifanyike karamu ya kumpongeza, kijiji kizima kipate kula kishibe.

"Ng'ombe tutampata wapi?" akauliza Chui.

Bwana Fisi akasimama, mkono kifuani. "Mwenyekiti, kwa mapenzi niliyo nayo kwa wananchi, natoa fahali wangu mkubwa!"

Lululululu! Vigelegele vikapigwa. Wengine walitokwa na machozi kwa ukarimu ule. Ambacho hakukisema ni kwamba asubuhi hiyo alimkuta fahali zizini, amelala chali, amekufa.

Bi Nguchiro akaitwa. Akafika na kisu chake.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama Chiku, karibu," akasema Fisi. "Fahali yule pale. Fanya haraka, wananchi wana njaa."

Simba na Chui nao walikuwa wamesimama pembeni, mbali kidogo, leso puani. Bi Nguchiro akamtazama yule fahali. Tumbo limevimba tii! Damu nyeusi inachuruzika puani na haigandi. Nzi zzzz! Akatazama koo. Zima, halina hata alama ya kisu.

"Bwana Fisi, huyu amechinjwa na nani?"

"Mmh... amechinjwa... kwa ndani."

"Kwa ndani?"

"Ni mtindo mpya."

Bi Nguchiro akarudi nyuma, akauficha mkono wake kwenye kanga. Jana yake alijikata kidole akipasua kuni, na jeraha lilikuwa bado bichi.

"Huyu ni kibudu," akasema. "Ni kama yule wa mwaka jana. Haguswi huyu, na wala asipasuliwe. Ugonjwa umo kwenye damu, umo kwenye ngozi, umo hata kwenye manyoya. Unamtoka ng'ombe unamwingia anayemchuna, unamwingia na anayemla. Wakubwa wangu, tumfukieni."

Loo! Walicheka hao! Kwi kwi kwi!

"Tutamchemsha sana," akasema Chui.

"Tutatia pilipili na ndimu," akasema Simba. "Ugonjwa gani unaistahimili pilipili?"

"Babu yangu alikula vibudu maisha yake yote," akasema Fisi.

"Na aliishi sana?"

"Hilo si swali la heshima."

"Na mume wangu je?" akauliza Bi Nguchiro.

"Alirogwa!" wakajibu wote watatu kwa pamoja, kama watoto wa shule wanaoitikia darasani.

Simba akaacha kucheka. "Sikiliza, Mama Chiku. Chuna, au ufungashe vyombo uhame na watoto wako kabla jua halijazama. Chagua."

Hapo Bi Nguchiro aliogopa. Siwafichi, aliogopa kweli. Akichuna, Chiku na wadogo zake watabaki yatima wa baba na mama. Asipochuna, watalala porini, na fahali atachunwa na mdogo mwingine, na kijiji kizima kitamla. Akakitazama kisu chake.

"Haya, waheshimiwa," akasema. "Kisu hiki ni butu. Naomba niende kukinoa."

Njia ya kwenda kwenye jiwe la kunolea ilipita uani kwa Simba. Alipofika hapo pua yake ikasimama kabla ya miguu. Shwaaa! Kitu kinakaangwa. Kitunguu, bizari, nyama iliyonona. Mke wa Simba alikuwa ameinamia chungu kikubwa, jasho linamtoka.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Harufu hiyo! Mnapika nini?"

"Mbuzi tu. Kachinjwa leo, mzima, anarukaruka. Ni wa wakubwa. Mwenyekiti kasema yule fahali ni wa wananchi, sisi tusithubutu kumgusa, ana..." Puu! Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Mimi nimesikia harufu tu, mama," akasema Bi Nguchiro. "Neno sikusikia."

Akaendelea na safari yake. Lakini hofu ilikuwa imemtoka, na mahali pake palikaa hasira. Alikaa kwenye lile jiwe akinoa, shwa, shwa, shwa, na machozi yanadondokea kisu. Kumbe ugonjwa wanaujua! Wanaujua vizuri mpaka wamejichinjia mbuzi!

Sasa sikilizeni vizuri. Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Ng'ombe wa karamu akishapasuliwa, mkubwa hukatiwa figo bichi, la moto moto, akalila pale pale mbele ya watu. Akishameza, ndipo wengine wanaruhusiwa kula. Miaka yote Simba alilila figo hilo huku akilamba vidole. Mwaka huu alikuwa amepanga kuumwa na jino.

Bi Nguchiro akaichukua ngoma ya kijiji. Ndu! Ndu! Ndu!

Wakaja wote uani kwa Fisi. Kima na wanawe, Sungura na sahani kubwa kuliko yeye, Kanga, Pimbi, na Kobe aliyetoka nyumbani mapema ili achelewe kidogo tu. Bi Nguchiro akapanda juu ya kinu.

"Ndugu zangu! Mimi ni nani hata nimguse fahali wa Mwenyekiti kwa mikono hii iliyozoea utumbo? Hapana! Leo ni siku kubwa, na wakubwa wetu wanatupenda. Fahali huyu atachunwa na Bwana Fisi mwenyewe!"

"Yeeee!" wakapiga kelele.

"Atapasuliwa na mheshimiwa Chui, kwa makucha yake mwenyewe!"

"Yeeee!"

"Na Mwenyekiti wetu, kama desturi, atakula figo bichi!"

Lululululu! Kanga mmoja alizimia kwa furaha.

Bi Nguchiro akashuka, akampigia Fisi goti, akamkabidhi kisu kwa mikono miwili. Kisu kiling'aa. Fisi alikipokea kama anapokea nyoka.

"Ningependa sana," akasema Fisi. "Ila kiuno, ndugu zangu. Tangu jana kiuno."

"Kigoda hicho, Bwana Fisi. Utachuna umekaa."

"Heshima kama hii ni ya Chui kwanza," akasema Fisi upesi.

"Mimi?" Chui akaruka. "Na koti hili? Damu haitoki kwenye koti hili."

"Nimekuletea joho la mpishi, mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro. "Limefuliwa, limepigwa pasi."

"Lakini desturi ni desturi!" akasema Chui. "Figo kwanza! Mwenyekiti ndiye aanze!"

Macho yote yakamgeukia Simba. Simba akalishika shavu. "Aaah! Jino, wananchi! Jino limeamka!"

"Pole, Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro kwa huruma nyingi. "Bahati nzuri figo ni laini. Tutakukatia vipande vidogo vidogo. Watoto wangu nitawaambia wakuimbie ukiwa unameza."

"Limeshuka kooni."

"Jino limeshuka kooni?"

"Maumivu! Maumivu ndiyo yameshuka!"

Kelele zikapungua. Kobe, ambaye hukawia kufika lakini akifika amefika, akanyoosha shingo. "Hebu nielewesheni," akasema. "Nyama tunaambiwa tule sisi. Mbona wao hata kuigusa hawataki?"

"Si kwamba hawataki, Mzee Kobe," akasema Bi Nguchiro. "Wameshiba kwa kutupenda. Na kama meno yanauma na viuno vinauma, basi Mama Mwenyekiti atuletee kile chungu cha mbuzi kilichoko uani kwake. Sisi tule mbuzi, waheshimiwa wabaki na fahali wao."

Hapo hapo upepo ukavuma kutoka upande wa nyumba ya Simba, ukaleta kitunguu na bizari, na pua za kijiji kizima zikageuka kwa pamoja.

"Kuna mbuzi?" akauliza Sungura polepole.

Simba akanguruma. "Fisi! Chuna! Hiyo ni amri!"

Ng'aa! Kisu kikaanguka chini. "Sichuni!" akalia Fisi. "Nichune nife kama Baba Chiku? Mkono wake uliiva mweusi mbele ya macho yangu! Kibudu changu ndicho kilichomuua! Sote watatu tulijua, tulijua siku ile ile! Wewe, Mwenyekiti, ndiye uliyesema tumsingizie shangazi!"

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Bi Nguchiro alikuwa ameyataka maneno yale mwaka mzima. Aliyatega, akayapata, na alipoyapata hayakuwa matamu hata kidogo. Yalimchoma. Mumewe angekuwa hai leo kama mmoja wao tu angefungua mdomo. Alikaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, na Kima akaja akamshika bega.

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akasimama.

"Asante, Bwana Fisi," akasema. "Sasa shangazi naye atapumzika."

Kisha akageukia kijiji. "Majembe yaletwe! Matatu yanatosha." Kijiji kizima kikawazunguka wale watatu, na Simba akaona ni wengi kuliko awezavyo kuwala.

Wanangu, mngewaona waheshimiwa wakichimba! Walifungwa vitambaa mikononi na usoni, wakachimba shimo refu mpaka manyoya ya Simba yakapotea machoni. Bi Nguchiro alisimama juu, upande upepo unakotokea, akielekeza. Fahali akavutwa kwa kamba hivyo hivyo alivyo, hakupasuliwa hata inchi moja ya ngozi. Pale ilipodondokea damu yake, udongo ukakwanguliwa ukatupwa shimoni pamoja naye. Wakarundika kuni, wakawasha moto, buu! Akateketea, wakafukia, wakazungushia miiba ili ng'ombe wengine wasije kula majani hapo. Siku hizi watu wa mifugo wanauita ugonjwa ule kimeta, na wanasema udongo unaweza kuutunza kwa miaka na miaka. Bi Nguchiro hakujua jina. Alijua kaburi la mumewe, likamtosha.

Wakati huo chungu cha mbuzi kilikuwa kimeshaletwa uwanjani. Mbuzi mmoja kwa kijiji kizima! Kila mmoja alipata kipande cha ukubwa wa ukucha, na mchuzi wa kuchovya. Lakini waliila ile nyama bila wasiwasi, na Sungura aliilamba sahani yake kubwa mpaka ikang'aa.

Jua likielekea kuzama, waheshimiwa wakaja kutoka shimoni, wamechoka, majivu mpaka kwenye kope. Koti la Chui lilikuwa halitamaniki. Simba akasafisha koo, jino limepona ghafla.

"Na sisi je?" akauliza. "Sisi hatuli?"

Bi Nguchiro akainama kwa adabu zote.

"Mtakula, waheshimiwa wangu, kwa nini msile? Nendeni kwanza mkaoge, mjisugue kwa sabuni mpaka kwenye kucha. Mkirudi," akasema, "utumbo tumewawekea, na msisahau kushukuru."

Basi hadithi yangu imeishia hapo kwenye utumbo, nanyi shikeni hili: mnyama aliyejifia msimguse wala msimle, na mkubwa akiwaambia ni salama, mwambieni aanze yeye.