Pimbi Aliyemwaga Tui

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, na wewe acha kuchokora moto. Hapo zamani za kale Pimbi aliteremka kutoka mlimani, akahamia kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ya Mwanakombo, mwanamke wa pwani aliyeishi peke yake. Wakawa marafiki wa kushibana. Kila Mwanakombo alipopika wali wa nazi, Pimbi alipitishiwa sahani ukutani. Alikula, akalamba sahani, lakini jikoni hakuwahi kuingia.

Siku moja Mwanakombo akashikwa na homa. Samaki hataki, muhogo hataki, ndizi hataki.

"Shoga yangu," akasema kwa sauti ndogo, "wali wa nazi labda utapita. Nisipokula nitakufa. Nazi zipo tatu. Chukua moja, ikune, tia maji, kamua, chuja..."

Usingizi ukamchukua asimalize. Pimbi akaogopa sana, akakimbilia jikoni.

Akakuna, akatia maji, akakamua, akachuja. Maji yakatoka meupe pepepe. Sasa, kwao mlimani mboga chungu hukamuliwa vivyo hivyo, na maji ya uchungu humwagwa. Basi Pimbi akayamwaga uani, akapika wali kwa makapi. Alipoonja, ilikuwa kama kutafuna vumbi la mbao.

"Sikukamua vizuri," akasema.

Nazi ya pili akakuna, akakamua, akamwaga. Wali ukazidi kuharibika. Kuku akaja mbio, akanywa yaliyomwagwa.

"Ongeza," akasema Kuku.

"Unakunywa uchafu?"

"Mimi sijui. Mwanakombo hunipa chicha. Leo nimepewa hiki, nakunywa hiki."

Pimbi akazidi kuchanganyikiwa. Chicha ndiyo nini? Hakujua kuwa ndiyo yale makapi ya nazi aliyokuwa akiyapika. Akaona haya kumuuliza kuku. Nazi ya mwisho akaikamua mpaka mikono ikamuuma, akamwaga. Chekeni tu, nyie mliozaliwa kwenye minazi.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu huyu alikaribia kummaliza mwenyeji. Akapeleka sahani kitandani. Mwanakombo akatafuna, akatafuna, akaacha.

"Tui liko wapi?"

"Tui ndilo lipi?"

"Yale maji meupe."

"Si nimeyamwaga, dada. Kuku kayanywa yote." Pimbi akalia. "Nazi zimekwisha, na wewe hujala."

Mwanakombo akasukuma sahani kando.

"Kwenu mtu akiugua hupikiwa nini?"

"Uji wa wimbi uliochachushwa. Ninao ukutani, nakunywa kila asubuhi."

"Siku zote hizi unanificha?"

"Niliona aibu. Wewe unipe wali mweupe, mimi nikupe uji mweusi?"

"Lete."

Pimbi akauchemsha, akauleta. Mwanakombo akanywa funda moja. Uso ukamkunjamana, macho yakamtoka.

"Na huu nao," akauliza, "umemwaga nini?"

"Sijamwaga kitu, dada. Ndivyo ulivyo."

Mwanakombo akanywa funda la pili, haelewi. Akanywa la tatu, haelewi. Akanywa mpaka akakwangua bakuli, kisha akajiinua, akaketi kitandani, akamnyooshea Pimbi mkono.

"Bado sijui kama naupenda," akasema. "Niongezee."

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyesinzia, kesho asiniulize.