Kisima cha Samaki wa Jiwe

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanabishana dunia ina umri gani na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake, palikuwa na kijiji cha mlimani kiitwacho Kwadigunga. Bahari ilikuwa mbali nacho. Wanakijiji wengi waliijua kwa kusikia tu, kama mtu anavyosikia habari za mkwe ambaye hajamwona.

Mwaka mmoja mvua ilikosa. Mwaka uliofuata ikakosa tena. Kijito kikakauka, ng'ombe wakawa wanalala wasiinuke, na wanawake wakawa wanatoka alfajiri kufuata maji bondeni, wanarudi jua likizama, nusu ya maji wameyanywa njiani. Jumbe Semboja, mkuu wa kijiji, akaamua kisima kichimbwe huko huko mlimani. Akatangaza mbele ya wote kwamba mtu atakayewafikisha kwenye maji, kisima kitaitwa kwa jina lake, nyumba yake itateka kwanza, na shamba lililo chini ya kisima litakuwa lake na wajukuu wake.

Vijana wakachimba. Wakachimba mpaka mitaimbo ikagonga mwamba, mwamba ukapasuka, na ndani ya mwamba alikuwamo samaki. Samaki wa jiwe, ana kichwa, ana miiba, ana mkia, amelala ubavu kama anayengoja kukaangwa. Pembeni mwake yalijaa makombe ya baharini, nayo ni mawe matupu.

Wachimbaji wakapanda juu mbio. Samaki alifikaje mlimani? Mmoja akasema ni jini amejigeuza. Mwingine akasema mlima una mimba na huo ni uzao wake, na anayechimba anamchimba mama tumboni. Mitaimbo ikalala chini.

Ndipo akaja Mwalimu Muhidini, aliyewasomesha watoto Kurani. Alikuwa mtu mnene, na hakuna aliyewahi kumwona akishika jembe. Akaomba afungwe kamba, akateremshwa kisimani huku wanaume wanane wakiguna juu. Akampapasa yule samaki toka kichwa hadi mkia. Alipopandishwa akawaambia kwamba hapo hapana jini. Hiyo ni gharika ya Nabii Nuhu. Maji yalifunika milima yote, na samaki wakapanda nayo.

Bi Mwajabu, mfinyanzi wa vyungu, ambaye hakuwahi kusikia neno akalimeza bila kulitafuna, akamuuliza, "Mwalimu, ina maana gharika iliwazamisha mpaka samaki?"

Watu wakacheka, wakamtazama mwalimu. Naye akajibu bila kukunja uso, "Hawakuzama, Bi Mwajabu. Walikuja na maji, kisha maji yakaondoka bila kuaga."

Vijana wakaona kwamba ikiwa mwalimu mwenyewe, na uzito wake wote, ameshuka na kurudi salama, basi hapana cha kuogopa. Mitaimbo ikainuka.

Wakachimba tena. Wakapita mwamba wa samaki, wakakuta mwamba mwingine. Wakapita huo, wakakuta wa tatu. Mikono ikatoka malengelenge, na tone la maji hawakuliona. Jumbe Semboja akasema basi, mlima huu ni jiwe mpaka kuzimu, wahame. Mitaimbo ikalala chini.

Safari hii Bi Mwajabu akataka ateremshwe yeye. Akakaa chini muda mrefu, akikwangua ukuta wa kisima kwa kucha na kuonja kwa ulimi, mpaka wa juu wakadhani amepotewa na akili. Akatoka na kipande cha mwamba mkononi, akasema huo si mwamba, huo ni tope. Tope la chini ya maji, lililotua tabaka juu ya tabaka, likakandamizwa likawa gumu. Yeye mwenyewe aliwahi kusahau jani ndani ya udongo wa chungu, na alama yake ikabaki hata chungu kilipotoka motoni. Samaki naye alilala kwenye tope namna hiyo hiyo. Na kule anakochimba udongo wake, chini ya tope daima huja mchanga, na mchanga ndio unaoshika maji.

Mwalimu Muhidini akaona zamu yake imefika. "Tope lote hilo litue taratibu, tabaka juu ya tabaka? Ingechukua miaka mingapi?"

"Mingi."

"Mingi kiasi gani?"

"Mingi kuliko babu zako na babu zangu ukiwapanga mstari mmoja," akasema Bi Mwajabu. "Mimi ni mfinyanzi, Mwalimu. Mwenye haraka ni wewe."

Jumbe akacheka, akaahirisha kuhama. Mitaimbo ikainuka.

Wakachimba, na jiwe likaanza kulainika kama Bi Mwajabu alivyosema. Halafu likatokea kombe kubwa kama ungo, limejikunja kama pembe ya kondoo dume. Hapo hata waliokwisha kulisahau lile jini la kwanza wakalikumbuka. Ikiwa nyumba yake ni kubwa hivi, mwenye nyumba ana ukubwa gani? Naye yuko wapi? Bila shaka yuko chini, kwenye hayo maji, anawangoja. Maneno ya mwalimu hayakusaidia, wala ya mfinyanzi. Mitaimbo ikalala chini.

Akasimama Sekibaha, mchukuzi wa chumvi. Alikuwa mtu wa kuja, ameoa pale, hana hata tuta la viazi, na hadithi zake za safari watu walizigawa kwa mbili kabla ya kuziamini. Akalifunga lile kombe mgongoni, akaenda nalo pwani. Kiu ilikuwa kali, na siku alizokawia mkewe alilia kimyakimya, akijua mumewe ameondoka na kibuyu kimoja.

Alirudi amekonda, kombe bado mgongoni. Akasema amewaonyesha wavuvi, wapiga mbizi na wanawake waokota chaza. Wote walilishangaa. Hakuna aliyewahi kumwona mwenye kombe lile, wala baba zao hawakuwahi kumtaja. "Aina yake imekwisha duniani," akasema. "Hakuna atakayekuja kudai nyumba."

Watu wakaulizana. Kiumbe aliumbwa, kisha aina yake yote ikaisha? Mwalimu Muhidini akamuuliza kwa upole kama ameipekua bahari yote. Sekibaha akakiri kwamba ameona ufuo mmoja tu. Lakini safari hii hakuna aliyegawa kwa mbili. Mitaimbo ikainuka.

Mchanga ukatokea. Mchanga ukatota. Maji yakapanda, na wanawake wakakaa kando ya kisima wakinawa nyuso, wengine wakilia.

Wote watatu wakaenda kwa Jumbe Semboja.

Mwalimu Muhidini akasema, "Mimi ndiye niliyewaondolea hofu ya kwanza. Bila mimi wangekufa kiu juu ya samaki."

Bi Mwajabu akasema, "Ujasiri bila kujua pa kuchimba ni jasho tu. Mimi ndiye niliyesema kuna mchanga, na mchanga ukawapo."

Sekibaha akasema, "Wao walishuka kisimani wakapandishwa kwa kamba. Mimi nilitembea nikiwa na kiu, na bila jibu langu mchanga wenu ungekuwa bado uko gizani."

Jumbe akakuna kichwa. Mwalimu huenda amekosea, lakini kosa lake liliwainua watu. Mfinyanzi huenda amepatia, lakini miaka yake hakuna wa kuihesabu. Mchukuzi aliona ufuo mmoja akaisemea bahari nzima, lakini ndiye aliyeifuata.

Maji yapo, watu wanateka, na kisima hakina jina. Haya, mliokaa mkisikiliza: mngekuwa ninyi ndio Jumbe Semboja, nani alistahili?